TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 14: SADAKA INAYOFINYA



Alhamdulillah, tumeamka tena tukiwa wazima na daku tumekula. Tafakuri ya leo ni ndefu kuliko za siku zilizopita, mtanisamehe. Soma nusu baada ya alfajiri, nusu nyingine ukisubiri adhuhuri. Nimeichelewesha kuiandika kwa sababu ndani yake lipo kosa langu mwenyewe, na kosa lako mwenyewe ni zito kuliandika kwenye kundi la watu wanaokuita ustadhi.

Nianze na swali. Umempa mtu mguu bandia, bure, kwa ajili ya Allah. Ule mguu ukamfinya mpaka ukamtoa kidonda. Je, umempa nini? Sadaka au maumivu? Na malipo yako yako wapi, kwenye kutoa au kwenye kumfaa?

Usijibu haraka. Nisikilize kwanza.

Wengi wenu mnamfahamu mzee wetu mmoja anayeswali kwenye kiti, mwisho wa safu, karibu na mlango. Nimemwomba ruhusa ya kueleza habari zake. Akasema, "Eleza, ila jina liache. Wenye kunijua watanijua." Basi jina nimeliacha.

Mzee huyu alikatwa mguu wa kulia chini ya goti. Ilikuwa kisukari. Kilianza kama lengelenge dogo unyayoni, hata hakulisikia, maana kisukari kinaua hisia za miguu kwanza. Likawa kidonda, kidonda kikaoza, mguu ukaondoka. Akawa mtu wa magongo. Shamba lake la mahindi akalikodisha kwa wengine. Na msikitini akapotea, si kwa kupenda. Njia ya kwao ina mteremko, na mvua zikianza, udongo wetu wa Songea mnaujua, gongo linateleza kama limepakwa sabuni.

Miaka kadhaa iliyopita tukasikia kuna mtaalamu wa viungo bandia amekuja kutoka Ulaya, kwenye hospitali moja mbali na hapa mjini, amejitolea kwa wiki tatu. Mimi ndiye niliyempeleka mzee. Na kwa kuwa Kiingereza nakiweza kiasi, nikaombwa nikae pale nitafsiri. Nikakaa siku nne.

Nataka niseme wazi, yule mgeni alikuwa mtu mwema. Alitumia likizo yake na nauli yake. Alianza kazi watu hawajafungua maduka na kumaliza giza limeingia. Mikono yake ilikuwa nyeupe kwa plasta toka vidole mpaka viwiko. Sina neno baya juu yake, na mpaka leo namwombea heri.

Siku ya kujaribu mguu, mzee akasimama katikati ya vile vyuma viwili vya kushikilia, akapiga hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Chumba kizima kikapiga makofi. Wengine walikuwa wanalia. Mgeni akanigeukia akasema, muulize anajisikiaje, kuna mahali panamuuma?

Mzee akajibu, na maneno yake nayakumbuka: "Hapa mbele panafinya kidogo, halafu hapa pembeni kama panachoma. Lakini alhamdulillah. Mungu ambariki sana huyu kijana."

Mimi nikatafsiri: "Anashukuru sana. Anasema Mungu akubariki."

Nikaishia hapo.

Kwa nini? Nimejiuliza mara nyingi. Foleni ilikuwa ndefu nje. Nilimwonea haya mgeni, katoka mbali, kajichosha, halafu nimwambie kazi yako inafinya? Nikaona si adabu. Na "kidogo" ya mzee nikaichukua kama kidogo kweli, wakati sote tunajua mzee wa Kingoni akikwambia anaumwa kidogo, mpeleke hospitali usiku huohuo.

Mgeni akatabasamu, wakapiga picha pamoja, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Baada ya siku chache akarudi kwao.

Ramadhani iliyofuata nikampelekea mzee mfuko wa futari. Nikamkuta na magongo yake. Mguu uko mvunguni, umeviringishwa kwenye shuka kuukuu. Nikamuuliza, mzee, vipi tena? Akasema, "Ulinitoa kidonda mwezi wa pili. Daktari akaniambia nikiendelea nao, watapandisha msumeno juu ya goti. Nikauvua."

Nikamwambia, "Sasa mzee, mbona hukusema?"

Akaniangalia muda mrefu. Akasema, "Si nilikwambia wewe?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Nilikabidhi mfuko wa futari nikaondoka, na njia nzima nilikuwa naogopa swali hilo kuulizwa mahali pengine, Siku nyingine, mbele ya Mwingine.

Sasa hebu tuelewe kidogo kazi yenyewe, maana mimi nilikuwa siielewi.

Mguu bandia si kama shati, kwamba ukipata saizi yako basi. Kwanza fundi anakifunga kigutu kwa bandeji ya plasta ili apate umbo lake. Ndani ya umbo hilo anamimina plasta nyingine, anapata sanamu ya kigutu. Ile sanamu anaichonga: pale ambapo mwili unaweza kubeba uzito, kwa mfano chini kidogo ya kifuniko cha goti, anapunguza ili pabane vizuri, pale penye mfupa uliotokeza na ngozi nyembamba, anaongeza ili pasiguswe. Ndipo anapasha moto bamba la plastiki kwenye oveni mpaka lilegee, analivisha juu ya sanamu na kufyonza hewa ili lishike umbo. Hiyo ndiyo soketi, kikombe cha kuingizia kigutu. Chini yake kinafuata kijiti na unyayo. Halafu mgonjwa anasimama, anatembea, fundi anatazama, anakaza hapa, analegeza pale, anamtembeza tena.

Na hata hapo kazi haijaisha. Kigutu kipya kinasinyaa miezi ya mwanzo. Soketi iliyokaa sawasawa leo, baada ya miezi kadhaa inacheza, na inayocheza inachubua. Mtu anatakiwa arudi, apimwe, aongezewe soksi, hata abadilishiwe soketi. Mtu mzima, mguu wake hudumu takriban miaka 3 mpaka 5. Mtoto anayekua anahitaji mwingine kila baada ya miezi 6 hadi 12. Kwa hiyo mtoto aliyepoteza mguu akiwa na miaka mitano, mpaka awe mtu mzima atahitaji miguu kumi na kitu, si mmoja.

Unaona jambo lilivyo? Katika kazi hii, neno "panafinya" si malalamiko. Ni kipimo. Fundi analihitaji kama fundi cherehani anavyohitaji futi. Macho yake hayaingii ndani ya soketi, ni mgonjwa peke yake anayejua kilichomo. Wahenga walishasema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mimi siku ile nilimnyang'anya fundi kipimo chake, nikampa sifa badala yake.

Tugeukie dini yetu. Je, ilishawahi kuzungumzia kiungo bandia? Wengi tunadhani haya ni mambo ya juzi. Kumbe yupo swahaba anaitwa Arfaja bin As'ad (r.a.). Habari yake imepokewa na Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Pua yake ilikatwa katika vita vya Kulab, zama za ujahiliya. Akajitengenezea pua ya fedha. Ile pua ikamnukia vibaya, yaani ikaoza na kumtoa harufu. Mtume (s.a.w.) akamwamuru ajiwekee pua ya dhahabu.

Simama hapo kidogo. Dhahabu kwa mwanamume ni haramu, hilo hata mtoto wa madrasa analijua. Na Arfaja tayari alikuwa na pua. Mtu wa kawaida angemwambia, "Ndugu yangu, shukuru, wenzako hawana hata hiyo. Subiri, utalipwa." Mtume (s.a.w.) hakumwambia hivyo. Hakumpa mawaidha ya subira kwa tatizo ambalo lina dawa. Kifaa kilichomuudhi kikabadilishwa, na kwa ajili ya kumfaa mtu mmoja mwenye dhiki, katazo la dhahabu likalegezwa. Wanachuoni wakaijengea hukumu habari hii, mpaka leo wanaitolea ushahidi kwenye meno ya dhahabu ya wenye haja.

Mimi nimejifunza jambo moja hapo. Kipimo cha kifaa si kwamba kimetolewa. Ni kwamba kimemkaa aliyekivaa. Na mtu akisema hakijamkaa, kazi ya mwenye huruma ni kusikiliza na kutafuta kingine.

Iko habari nyingine. Sa'd bin Muadh (r.a.) alipochomwa mshale katika vita vya Khandaq, Mtume (s.a.w.) aliamuru apigiwe hema ndani ya msikiti. Wapokezi wametaja sababu: ili awe karibu naye, amtembelee kwa urahisi. Na wanahistoria wa sira wametaja kwamba hema lile lilikuwa la Bi Rufaida, mwanamke wa Aslam, aliyekuwa akitibu majeruhi kwa kujitolea, anatafuta thawabu kwa Mola wake. Mtu wa kujitolea wa Madina, kama tungesema kwa lugha ya leo. Lakini tazama, mgonjwa hakutibiwa akaachwa. Aliwekwa mahali ambapo anayemjali atapita tena kesho na keshokutwa amuulize, umelalaje?

Basi turudi kwa wale wanaovuka bahari kuja kujitolea. Mkoa wetu unawajua. Peramiho hapo jirani, wamisionari wa Kibenediktini walifika mwaka 1898, na tangu hapo wageni wa tiba wamekuwa wakija huku kusini na kuondoka. Wapo watu, hata humu kwetu, wanaosema: hawa wa wiki tatu wanajifurahisha tu, wanakuja kupiga picha, bora wangetuma hela ya tiketi. Wapo wengine wanaosema: wewe una nini? Mguu unaofinya si bora kuliko kukosa kabisa?

Nimezipima kauli zote mbili, na zote naona zimekosea.

Ya kwanza imekosea kwa sababu haja ni kubwa mno kuwafukuza wenye ujuzi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu milioni 35 hadi 40 duniani wanahitaji viungo bandia au vifaa vya kushikilia viungo, na anayevipata ni mmoja tu kati ya kumi. Sisi wenyewe tunaona. Ajali za bodaboda, kisukari, watoto wanaozaliwa na nyayo zilizopinda. Na mtu wa Tunduru au Nyasa akitaka kufika Moshi kwenye mafundi, hiyo si safari ya kwenda asubuhi na kurudi jioni. Ni nauli, ni malazi, ni ndugu wa kumsindikiza. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Waache waje, na nia zao tumwachie Allah, kwa sababu hata zetu hatuna uhakika nazo.

Ya pili imekosea kwa sababu si kweli kwamba mguu wowote ni bora kuliko kukosa. Kwa mwenye kisukari, mguu usiomkaa unaweza kumla goti lililobaki. Kitu kilichotolewa bure hakiachi kudhuru kwa sababu kilitolewa bure.

Kwa hiyo mimi nasema swali si kama mgeni aje au asije. Swali ni: akiondoka, nani anabaki kusikia neno "panafinya"?

Na hapa ipo mifano ya kutufundisha. Hapa kwetu Tanzania, mwaka 1981, kwa ushirikiano na Wajerumani, kilianzishwa chuo cha mafundi wa viungo bandia pale Moshi, kwenye hospitali ya KCMC. Kinaitwa TATCOT. Wangeweza wale Wajerumani kuja kila mwaka kutugawia miguu, wakashangiliwa kila mwaka. Badala yake walifundisha watu kutengeneza miguu. Leo chuo kinaendeshwa na Watanzania, na wanafunzi wametoka nchi nyingi za Afrika kuja kusoma hapo, wakarudi makwao kufungua karakana. Miguu ya mwaka 1981 ilishachakaa zamani. Mafundi bado wanazaa mafundi. Wewe niambie ipi ni sadaka yenye kuendelea.

Huko India, mji wa Jaipur, kulikuwa na daktari wa mifupa, P. K. Sethi, na fundi wa mikono aitwaye Ram Chandra Sharma, ambaye hakuwa na elimu kubwa ya darasani. Mwaka 1968 walitengeneza unyayo unaojulikana mpaka leo kama mguu wa Jaipur. Kwa nini walihangaika, wakati miguu ya Ulaya ilikuwepo? Kwa sababu miguu ile ilitengenezwa kwa mtu anayevaa viatu na kukaa kwenye kiti. Wagonjwa wao walikuwa wanakaa chini, wanachuchumaa, wanatembea peku kwenye tope la mashamba. Walipewa miguu, wakaiacha nyumbani. Sasa fikiria Mwislamu wa kijijini kwetu: anachuchumaa chooni, anakaa mkekani kula, anakaa tahiyatu, analima na tope. Anayempa mguu bila kumuuliza anakaaje, hajamuuliza yeye ni nani.

Na yupo Alberto Cairo, Mwitaliano, aliyekuwa mwanasheria akaacha akasomea tiba ya viungo. Alifika Kabul, Afghanistan, mwaka 1990 na Shirika la Kimataifa la Msalaba Mwekundu. Akabaki. Vita vikaisha, vikaanza vingine, serikali zikaondoka na kurudi, yeye yuko palepale, zaidi ya miaka 30. Na katika kituo chake wanaotengeneza miguu na kuwafundisha watu kutembea, karibu wote ni walemavu wenyewe. Umeona hekima yake? Mgonjwa akisema panafinya, anayemsikiliza naye amevaa soketi. Hapo hakuna haja ya mkalimani kama mimi.

Sisemi kila mtu akae miaka 30. Mwenye wiki tatu atoe wiki tatu zake, na Allah hapotezi malipo ya mtenda wema hata wa dakika moja. Lakini mwenye wiki tatu afanye kazi pamoja na fundi wa hapa atakayebaki. Na sisi wenyeji tusimdanganye kwa adabu.

Nakuja sasa kwako wewe unayesoma, maana isije ikawa tunawajadili Wazungu huku tukijisahau.

Mwezi huu sisi ndio wageni wa kujitolea. Tunachanga, tunapakia magari, tunatoka mjini kwenda vijijini Namtumbo na kwingineko na mchele, sukari, tende na unga. Tunafika saa nane, tunawapanga watu mstari, tunagawa, tunapiga picha ya kutuma humu kwenye chaneli, tunawahi futari mjini. Allah atukubalie. Lakini mwaka gani tuliwahi kurudi Shawwal tukauliza, vile vitu vilikufaeni? Bibi mwenye kisukari tulimpa kilo za sukari. Familia isiyo na kuni wala chungu tukaipa maharage makavu. Mtoto yatima tukampa kanzu ya Idi na viatu vya namba ambayo hatukuuliza. Naye akashukuru, akatembea amekunja vidole, na sisi tukasema mashallah, tazama furaha ya mtoto.

Allah katika Suratul Baqara ametuonya tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimbulizi na udhia. Masimbulizi tunayajua: "Mimi ndiye niliyekusaidia." Udhia tumezoea kuufasiri kuwa ni maneno makali. Sina elimu ya kufasiri zaidi ya walivyofasiri wakubwa. Ila najiuliza mwenyewe: kumfanya mtu aone haya kusema "hiki ulichonipa kinaniumiza," je, huko si kumuudhi? Kumweka mahali ambapo lazima atabasamu kwenye picha huku anachomwa pembeni?

Na wewe unayepokea, nina neno na wewe pia. Shukrani si kunyamaza. Mzee wetu aliamini kwamba kusema panafinya ni kukufuru neema. Si hivyo. Arfaja (r.a.) alikuwa mtu wa heshima, na shida ya pua yake ilijulikana, ndiyo maana ikatatuliwa. Sema alhamdulillah, kisha sema panafinya. Hizo kauli mbili zinakaa mdomo mmoja bila kugombana. Mzee alizitamka zote mbili siku ile. Mimi ndiye niliyezitenganisha.

Na wewe uliye katikati, mkalimani, katibu wa kamati, mwenyekiti wa mtaa, kijana wa bodaboda uliyetumwa kupeleka mfuko: wewe ni amana. Anayetoa hamjui anayepokea, anayepokea hamfikii anayetoa. Neno likifia kwako, limekufa kwenye mikono yako. Tatizo langu siku ile halikuwa uongo wa kupangwa. Nilitaka tu kila mtu afurahi. Nimegundua kwamba kutaka kila mtu afurahi ni njia rahisi sana ya kumsaliti asiye na sauti.

Mtauliza, mzee amefikia wapi?

Baada ya Ramadhani ile nilikwenda kumwomba radhi. Akacheka, akasema, "Ustadhi, wewe ulinifinya mara moja, mguu ulinifinya miezi miwili." Akanisamehe. Baadhi yenu mlichanga bila kuambiwa ni ya nani, na leo mjue ilikuwa nauli yake. Tulimpeleka kwenye karakana moja ya viungo bandia. Fundi pale ni Mtanzania. Kabla hata ya kuugusa ule mguu alivuta kigoda akakaa chini yake, akamuuliza: "Mzee, nionyeshe kwa kidole. Wapi?" Mzee akaonyesha. Mbele, na pembeni. Palepale alipoonyesha siku ile. Fundi akasema unyayo na kijiti ni vizima kabisa, kazi nzuri hii, kilichobadilika ni kigutu. Akatengeneza soketi mpya tu. Yaani ile kazi ya yule mgeni haikuwa bure. Ilikuwa imekosa mtu wa kuimalizia.

Leo mzee anateremka ule mteremko wa kwao kwa miguu yake. Anaswali kwenye kiti bado, maana kusujudu chini kunamtaabisha, na dini imempa ruhusa hiyo. Lakini anakuja. Na kila baada ya miezi kadhaa namuuliza swali moja, naye ananijibu bila haya. Juzi kaniambia, "Kwa nyuma panaanza." Tumeshapanga safari.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwanadamu ameumbwa na viungo 360, na kila kiungo kinadaiwa sadaka kila siku jua linapochomoza. Kupatanisha watu wawili ni sadaka, kumsaidia mtu kupanda mnyama wake au kumpakilia mzigo wake ni sadaka, neno jema ni sadaka, kila hatua ya kwendea swala ni sadaka. Mzee wetu amepungukiwa viungo. Lakini wiki iliyopita nilimwona anakatiza uwanja kwenda kuwapatanisha majirani wawili waliogombania mpaka. Nikahesabu hatua zake mpaka zikanipotea. Nani anaandikiwa hatua zile? Yeye, inshallah. Na yule mgeni. Na fundi wa kigoda. Na nyinyi mliochanga msijue. Namwomba Allah na mimi asininyime japo moja.

Kazi ya leo ni ndogo. Kabla ya magharibi, mtafute mtu mmoja uliyewahi kumpa kitu: hela, nguo, ushauri, mfuko wa futari. Mpigie au pita kwake. Muulize, "Kile nilichokupa, kilikufaa?" Halafu nyamaza. Usijitetee. Akisema alhamdulillah, mngoje kidogo, huenda ana sentensi ya pili. Hiyo ya pili ndiyo uliyoifuata.

Ewe Mola wetu, tukubalie kidogo tunachotoa, na utusamehe pale kilipowaumiza waja wako. Wape afya wagonjwa wetu, wapunguzie machungu waliokatwa viungo, wape mafundi wao mikono mizuri na masikio mazuri. Waongoze na uwalipe kheri wanaotoka mbali kuja kutusaidia. Na usitujaalie kuwa sisi ndio tuliozuia neno la mnyonge lisifike. Aamin.

Swaumu maqbul, na futari njema. Tukutane tarawehe inshallah. Na mkimkuta mzee mlangoni, mwachieni nafasi ya kiti chake.